Tunafundishwa uendelevu huku jenereta inanguruma dirishani: hili somo la masters ya biashara ni la nani?

#1 Mwana_Katuba
Jambo yenu wote. Niko mwaka wa kwanza wa masters ya menejimenti hapa Lubumbashi. Chuo sikitaji, bado nataka kumaliza. Muhula huu tumeletewa somo jipya: uendelevu (kufanya biashara bila kuharibu kesho) na wajibu wa kampuni kwa jamii. Jumanne iliyopita, saa nane mchana, umeme ukakatika kama kawaida yake. Jenereta ikawashwa. Iko chini ya dirisha la oditwari, hatua kama sita kutoka meza ya prof. Prof yuko kwenye slaidi ya hewa ukaa, anapaza sauti, na sisi wa nyuma tunaona mdomo tu unavyocheza. Moshi ukaanza kuingia. Mama mmoja wa mbele akafunga dirisha, joto likatukaba, akalifungua tena.

Basi nikaacha kusikiliza, nikaanza kuhesabu vitu. Juu ya meza ya prof: chupa tatu za maji za plastiki, moja imefunguliwa. Silabasi (kitabu cha notisi za prof): kurasa 112, zimechapwa upande mmoja tu, na kila mtu lazima anunue kwa sababu kuna orodha ya walionunua. Juu ya vichwa vyetu: taa nane zinawaka, na nje jua la saa nane.

Simcheki prof, ni mtu mwema. Ninachouliza ni hili: somo limewekwa kwa ajili ya nani? Mimi nasema limewekwa kwa ajili ya migodi. Kampuni za shaba na kobalti zinatafuta watu wa kujaza ripoti, na chuo kinatengeneza watu wa kujaza ripoti. Na namna tunavyoishi hapa chuoni halina habari nayo. Nipingeni.

#2 Sukere_Baridi
Taa nane za nini na jua lipo? Labda wanataka prof aonekane, maana kusikika imeshindikana.

#3 Dada_Nyota
Nakupinga nusu. Nimemaliza miaka minne iliyopita, sasa niko idara ya mahusiano na jamii kwenye mgodi mmoja upande wa Kolwezi. Ni kweli kazi ziko huko, na bila hilo somo nisingeitwa hata kwenye usaili. Lakini ukidhani ni kujaza ripoti tu, njoo wiki moja.

Siku yangu ya kwanza kijijini nilivaa viatu vizuri, nina faili mkononi, nimejiandaa kueleza nguzo tatu za uendelevu. Mzee mmoja akanikalisha kwenye kiti cha kamba, akanyoosha kidole kwenye pampu ya maji ambayo kampuni iliwachimbia. Akasema: "Mama, hii mpira yake ya ndani ikikatika, nyingine inatoka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilipiga simu ofisini, nao hawakuwa na jibu. Kipuri kinatoka nje ya nchi, na wa kukiagiza ni yule aliyeuza pampu tu. Ile pampu ilikaa kimya miezi mitatu. Mpaka leo nikisikia neno uendelevu naona ule mpira, mdogo kama pete.

#4 Kamarade_Teori
Tusiingie kichwakichwa. Hili somo halikuzaliwa migodini. Mwaka 1970 Milton Friedman, mchumi wa Marekani, aliandika kwenye gazeti la New York Times kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida, basi. Shule za biashara zikasomesha hivyo kizazi kizima. Mwaka 1987 ikatoka ripoti ya Brundtland ya Umoja wa Mataifa, iliyoeneza wazo la maendeleo endelevu, na mwaka huohuo John Elkington, mshauri wa biashara wa Uingereza, akaleta hesabu ya mistari mitatu ya kupimia kampuni: watu, sayari, faida. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ukaanzisha kanuni za elimu ya uongozi wa biashara wenye kuwajibika, zile za PRME: shule inasaini kwa hiari yake, inaahidi kufundisha hayo na kutoa ripoti ya ilichofanya. Ni mtindo wa dunia, Mwana_Katuba, na chuo chako kimevaa nguo inayovaliwa msimu huu. Ndiyo maana mifano yote ni ya viwanda vya Ulaya.

Na hao wa migodi wasijisifu sana. Asilimia 0.3 ya faida ndiyo wanayoitoa kwa vijiji. Hiyo ni nini?

#5 Maktaba_ya_Usiku
Kamarade, tarehe zako zimegongana. Brundtland ni 1987, sawa. Elkington na mistari yake mitatu ni 1994. Na Friedman hakusema "basi". Aliongeza sharti kwamba kampuni ifuate sheria na desturi njema za jamii. Watu wanakata sentensi katikati halafu wanampiga mzee kwa nusu yake.

#6 Dada_Nyota
Na mimi nirekebishe. Si asilimia 0.3 ya faida, ni 0.3 ya mauzo ya mwaka, kwa sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018. Tofauti yake ni kubwa. Faida unaweza kuipika mpaka iwe sifuri, kila mhasibu hapa anajua. Mauzo ni vigumu zaidi, maana malori yanahesabiwa yakipita mpakani Kasumbalesa.

Ukitaka uendelevu ulioandikwa kwenye sheria, angalia mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa serikali kwa madini inayochimba. Shaba inalipa asilimia 3.5, kobalti 10 tangu itangazwe kuwa ya kimkakati mwishoni mwa 2018. Pesa hiyo inagawanywa: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji au sekta (eneo la utawala la vijijini) ambako mgodi uko, 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo, kwa ajili ya siku madini yatakapokwisha. Mimi nilisoma masters nzima bila kusikia habari za huo mfuko. Niliusikia kazini, kwa dereva.

#7 Juma_Kigamboni
Salamu kutoka Dar. Nafuatilia kwa makini ila nimekwama neno moja la #1. Oditwari ni mtu au ni kitu?

#8 Sukere_Baridi
@Juma ni ukumbi wa mihadhara. Lakini kwa yule wa #1 ni chumba cha kufukizia samaki.

#9 Hesabu_za_Kenya
Mimi ni mhasibu, na naona wote mmepita mbali na jambo lenyewe. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wa sheria za biashara, tangu 2012. Kwenye mpango wa hesabu wa OHADA kuna akaunti 605. Chini yake maji ni 6051, umeme 6052, nishati nyingine 6053. Mafuta ya jenereta nafasi yake ni 6053, wala haihitaji kufikiri.

Sasa niwaambie nilichokiona nilipofanya stage (mafunzo ya kazi) kwenye ofisi ya fedha ya shule moja. Mafuta yananunuliwa na apariteri, mhudumu wa shule, kwa pesa ya mkononi, bidoni kwa bidoni (dumu kwa dumu). Anarudi na kijikaratasi kimeandikwa "essence na mbalimbali". Mbalimbali! Humo ndani mna mafuta, chaki, vocha za simu, na soda za wageni. Mwisho wa mwaka vyote vinaangukia kwenye mstari mmoja wa gharama za uendeshaji. Mkuu wa shule akiuliza jenereta imetugharimu nini mwaka huu, hakuna mtu ndani ya jengo anayeweza kujibu. Si kwamba anaficha. Hajui tu.

Kwa hiyo mimi sioni unafiki wala mtindo wa Ulaya. Naona akaunti moja isiyofunguliwa.

#10 Mtaa_wa_Nairobi
Mkenya mwenzangu! Uko county gani?

#11 Hesabu_za_Kenya
Niko Kenya ya Lubumbashi, ndugu yangu. Ni komini, sehemu ya mji, karibu na Katuba. Ina soko lake, ina makelele yake. Kuja kwetu huhitaji pasipoti, unahitaji kushika mfuko vizuri tu.

#12 Mustari_wa_Pili
Bandugu, miye niko mu promosio moja, darasa moja, na Mwana_Katuba, niko nakaa mustari wa pili, miye nilisikia. Ile siku prof alisema mambo ya muzuri sana, ila weye ulikuwa unahesabia chupa. Alisema: kama munataka kuyua kampuni iko na uendelevu, musiangalie mu ripoti yake, muangalie mu pubele yake, mule banatupaka takataka. Njo vile alisema. Miye nikamuuliza, na pubele ya chuo? Akacheka, akasema ile ni mambo ya administrasio.

Na ile maji haikukuwa yake. Ni shiye tulinunua. Kila promosio inanunuaka maji ya prof. Mwana_Katuba, hata weye ulitoa franka.

#13 Sukere_Baridi
Hahaha! Kumbe mshtaki ndiye mfadhili.

#14 Mtoto_wa_Mbabula
Mama yangu anauza bukari (ugali) na sombe (kisamvu) nje ya geti la chuo kimoja, mwaka wa kumi na moja huu. Nimekulia kwenye mbabula yake, jiko lake la mkaa, na sasa nasoma humohumo ndani ya geti. Kwa hiyo hizi chupa nazijua kutoka pande zote mbili.

Zile tatu za prof hazifiki saa kumi na mbili jioni. Mfagiaji anazichukua, zile zenye kifuniko anaziweka kando kwa sababu chupa bila kifuniko haina bei. Watoto wanazinunua kwake, wanazipeleka kwa akina mama wa soko. Huyu anatia munkoyo (kinywaji cha mahindi), huyu mawese, huyu karanga. Mama anazo chupa za lita moja na nusu ambazo nimeziona nyumbani tangu niko sekondari, karatasi ya jina ilishatoka zamani. Silabasi zenu za upande mmoja pia zinafika kwetu. Karanga zinafungwa kwenye nadharia ya Friedman. Huo upande wa pili mnaoulalamikia, wadogo zangu wameufanyia hesabu za shule.

Mnauliza uendelevu wa chuo uko wapi. Uko getini, unapika. Hakuna anayeuandika kwa sababu wanaoufanya hawana slaidi.

#15 Kamarade_Teori
Pole lakini hapo sikubaliani, #14. Kutumia chupa miaka sita kwa sababu huna nyingine, huo ni umaskini. Mpe mama yako pesa kesho uone kama hatanunua chupa mpya. Uendelevu ni pale mtu ana njia ya kuharibu na anachagua asiharibu.

#16 Mtoto_wa_Mbabula
Mama amesomewa. Anasema ukimpa pesa kesho hatanunua chupa, atanunua meza. Na anauliza kama wewe ndiye yule kijana mwenye miwani anayedaiwa sahani mbili.

#17 Kamarade_Teori
Sivai miwani.

#18 Hesabu_za_Kenya
Hakusema hadaiwi.

#19 Fundi_Mionzi
Turudi kwenye jenereta, sisi tunaiita gurupu. Mimi nafunga sola mjini. Fanya hesabu pamoja nami. Projekta wati 300. Kipaza sauti na amplifaya, tuseme 100. Taa nane za wati 20, 160. Jumla 560. Masaa matatu ya somo haifiki kilowati-saa 1.7.

Sasa gurupu ya kVA 20 (kipimo cha ukubwa wake), hata ikiwa na mzigo mdogo kama huo, inakunywa lita 2 kwa saa au zaidi. Tuchukue 2. Masaa matatu, lita 6. Lita moja ya mazutu (dizeli) ina nguvu ya kilowati-saa kama 10. Kwa maneno mengine mmechoma 60 ili mpate 1.7. Zilizobaki ni joto, kelele na moshi uliomfanya yule mama afunge dirisha. Na kila lita inatoa hewa ukaa kama kilo 2.7, piga mara sita, ni kilo 16 za somo moja la hewa ukaa. Halafu injini ya dizeli isiyobebeshwa mzigo inajaa masizi, inakufa mapema. Nimefungua moja mwezi uliopita, ndani kama bomba la jiko la makala (mkaa).

Paneli mbili tatu na betri moja ya kilowati-saa 5 zinatosha oditwari hiyo. Kichekesho ni kwamba betri tunazofunga hapa Lubumbashi karibu zote ni za lithiamu na fosfeti ya chuma. Humo hamna kobalti hata chembe. Mteja ananiuliza, fundi, hii ni kobalti yetu imerudi? Namwambia hapana papa, yetu imebaki huko kwenye magari ya umeme.

#20 Juma_Kigamboni
Safi sana fundi. Nami nataka kufunga. Nimeona video wanasema paneli zielekee kusini, ni kweli?

#21 Fundi_Mionzi
Hiyo video ni ya watu wa Ulaya. Sisi tuko chini ya ikweta, jua liko kaskazini kwetu sehemu kubwa ya mwaka. Elekeza kaskazini. Lubumbashi iko kama digrii 11 na nusu kusini, naziinamisha 12 mpaka 15, mvua ioshe vumbi. Dar mko digrii 6 na kitu, weka hata 10 ili maji yasituame.

Nimewahi kukuta paneli kumi zimegeuzwa kusini kwenye paa la mtu mwenye diploma mbili.

#22 Papa_Mposho
Wanangu, mimi mzee, mjukuu ndiye anayeniandikia. Nimewasikia. Baba yangu na mimi tulifanya kazi kampuni moja ya shaba, kubwa, sitaki kuitaja maana bado nina jamaa humo. Zamani tulikuwa na nyumba ya kampuni, hospitali ya kampuni, shule ya kampuni. Tarehe ya mposho unapewa unga, samaki, mafuta, kwa idadi ya watoto. Mwanangu wa tano alizaliwa, unga ukaongezeka wiki ileile. Hakuna aliyesema uendelevu. Tulisema kampuni ni baba na mama.

Halafu baba na mama wakaugua pamoja. Mshahara ukakaa miezi, ukakaa miaka. Wauguzi wakaondoka. Mke wangu hakuwahi kulima hata bustani, kwa nini alime? Tulianza kulima nina miaka hamsini na mbili, mikono inachubuka kama ya mtoto. Jirani yangu alikuwa mlevi kidogo, kampuni ilishamfukuza zamani, yeye alikuwa na shamba tayari. Alitulisha.

Kwa hiyo hao wanaowafundisha kwamba kampuni nzuri ni ile inayotoa sana, waulizeni: inatoa mpaka lini?

#23 Juma_Kigamboni
Shikamoo mzee.

#24 Udongo_Mwekundu
Jambo papa, aksanti kwa hayo. Mimi niko upande wa agronomia, na nina wivu na donge. Watu wa biashara wanasoma sayari kwenye slaidi, wakati sayari yenyewe iko njia ya basi moja.

Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza hapa mwaka 1911. Upepo wetu wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulilala upande mmoja, kaskazini-magharibi, mwaka baada ya mwaka. Nenda Penga Penga ukaone. Ardhi wazi, nyekundu, makorongo. Miti ya miombo ilikufa, udongo umejaa shaba, risasi, kadmiamu. Watafiti wamejaribu kufunika ardhi kwa nyasi iitwayo Microchloa kunthii ambayo inavumilia shaba, na kupanda miti kwenye mashimo yaliyotiwa udongo mzuri na chokaa. Kila shimo ni pesa. Sasa mwanafunzi wa menejimenti angekuja pale na swali moja tu, gharama ya shimo moja inaandikwa kwa nani na kwa mwaka gani, angekuwa na mada ya mémoire (tasnifu) ya maisha. Hawaji. Mwaka jana walikuja wawili, wakapiga selfi.

Na makala je? Nyumba zenye umeme na zisizo nao zote zinapikia makala kwa sababu ya deleste, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Tanuru la udongo linakula kilo 5 mpaka 10 za mti kutoa kilo moja ya makala. Kila mwaka mfuko unatoka mbali zaidi. Hiyo haimo kwenye kurasa 112, nawekea dau.

#25 Mwana_Katuba
Imo. Ukurasa wa 87, mistari minne, mfano ni wa Brazil.

#26 Mkubwa_wa_Promosio
Kwa kuwa nimetajwa bila kutajwa: mimi ndiye ninayekusanya pesa za maji. Naomba mnisikilize kabla ya kuniua.

Mwaka jana nilijaribu. Nilileta dumu la maji yaliyochemshwa, nikaleta bilauri ya kioo, imefunikwa na sahani, safi. Assistenti aliiangalia ile bilauri kana kwamba ndani mna nyoka. Hakunywa masaa mawili, akakohoa mpaka mwisho. Baada ya hapo mzee mmoja akaniita pembeni: "Mwanangu, mtu mkubwa hanywi maji ambayo hakuyaona yakifunguliwa." Ndiyo basi. Chupa iliyofungwa inatoa ule mlio wa kra, na ule mlio ndio anaounywa. Homa ya tumbo ipo, na hofu nyingine mnazijua.

Kwa hiyo mkisema ni uzembe, au ni Ulaya, au ni akaunti 6053, mimi nasema ni uaminifu. Tupeni chombo chenye mlio wa kra kisichotupwa, nitakinunua mimi.

Sherehe za baada ya kutetea mémoire sizizungumzii. Pale hata mimi naogopa kuhesabu.

#27 Maktaba_ya_Usiku
Hilo la mlio ni zito kuliko PRME. Kumbukeni kuna dekreti ya Desemba 2017 inayokataza mifuko na sashe (vifuko) za plastiki nchini. Nenda leo sokoni ukanunue maji ya sashe, utapewa ndani ya mfuko wa plastiki. Sheria haina kra.

#28 Dada_Nyota
@Mkubwa nimecheka kwa nguvu ofisini. Lakini angalia, mgodini tunatumia yale madumu makubwa ya lita 19 yenye muhuri. Linafunguliwa mbele ya kila mtu asubuhi, tupu linarudi dukani. Mlio upo.

#29 Mkubwa_wa_Promosio
Na kifaa chake cha kumiminia kinahitaji umeme. Tunarudi kwenye gurupu.

#30 Dada_Nyota
Kuna pampu ya mkono!

#31 Sukere_Baridi
Na mpira wake ukikatika, mwingine unatoka wapi?

#32 Dada_Nyota
Nimekubali. Nakulipia sukere (soda).

#33 Msimamizi
Nimefuta majibu mawili yaliyotaja jina la chuo na la mkuu wake. Endeleeni, majina yabaki nyumbani.

#34 Hesabu_za_Kenya
Mwana_Katuba, unatafuta mada ya kazi ya vitendo, si ndiyo? Chukua daftari la kurasa 48. Chora safu nne: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, lita zilizotiwa. Mwombe apariteri aandike wiki moja tu. Usimwambie uendelevu, atakimbia. Mwambie ni kwa ajili ya matengenezo ya injini.

#35 Mwana_Katuba
Nafanya.

#36 Mwana_Katuba
Nimerudi, siku tisa baadaye. Apariteri alikubali bila shida, hata kalamu hakuomba. Siku nne zimeandikwa. Matokeo:

Jumatatu, masaa 2, lita 10.
Jumanne, masaa 3, lita 15.
Jumatano hakukuwa na deleste kabisa, umeme ulikuwepo tangu asubuhi. Lita 10.
Alhamisi, saa moja na nusu, lita 10.

Ijumaa daftari halikuwa msumarini. Apariteri anasema limechukuliwa, kwamba mambo ya mafuta ni ya ofisi.

#37 Fundi_Mionzi
Jumatano gurupu imelala na imekunywa lita 10? Hiyo si kVA 20, hiyo ni ngamia.

#38 Hesabu_za_Kenya
Taratibu. Huenda walijaza tangi Jumatano kwa ajili ya Alhamisi. Safu ya lita zilizotiwa si sawa na lita zilizochomwa. Kosa ni langu, ningekwambia upime tangi kwa kijiti.

#39 Mustari_wa_Pili
Alhamisi tena balitia 10. Hesabu, jitetee.

#40 Papa_Mposho
Wanangu, mwacheni apariteri. Muulizeni kwanza ana miezi mingapi hajalipwa.

#41 Kamarade_Teori
Au gurupu inalisha pia friji na klima (viyoyozi) za ofisi za juu, na ofisi zinafunguliwa hata bila somo. Hilo pia linawezekana.

#42 Sukere_Baridi
Jumatano umeme ulikuwepo, kamarade.

#43 Udongo_Mwekundu
Uliwahi kupiga picha kabla halijachukuliwa?

#44 Mwana_Katuba
Kurasa mbili. Ya Alhamisi imetoka na ukungu, moshi uliingia mbele ya simu.

#45 Hesabu_za_Kenya
Nitumie pembeni. Na safari hii nunua madaftari mawili.